Mashine haikumfilisi Gutenberg, karatasi ndo zilikula hela

Tangu toleo lililopita tugusie habari za vitabu vya kale maswali yamekuja kibao, ya WhatsApp na ya bahasha, mengi yanafanana kwahiyo mengine nimeyaunganisha na mengine nimeyapunguza, msinune. Naanza na la mdogo wetu wa printi maana ndo lililobeba mzigo mkubwa.

SWALI: Kaka pole na kazi. Niko kwenye duka la kuchapa hapa Dar, tunapiga kadi za harusi, kalenda, vitabu vya risiti na mabango. Bosi kila siku ananiambia uchapaji hauna hela, nikimwambia mbona Gutenberg alibadilisha dunia ananijibu huyo Gutenberg mwenyewe alifilisika. Ni kweli au ananizuga tu asiniongeze mshahara? – Kijana wa Printi, Dar es Salaam

JIBU: Bosi wako kasema kweli ila kasema nusu. Ya mshahara malizaneni wenyewe.

Gutenberg, yule Mjerumani aliyeanzisha Ulaya uchapaji wa herufi za chuma za kupanga na kupangua, alikuwa mtu wa madili kabla hajawa mtu wa vitabu. Miaka ya 1430 akiwa Strasbourg aliingia ubia na wenzake watengeneze vioo vidogo vya kuwauzia mahujaji wa Aachen, maana watu waliamini ukikielekeza kioo kwenye masalia matakatifu kinanasa baraka unaenda nazo nyumbani. Hija ilitegemewa 1439, jamaa wakazamisha hela, mara tauni, hija ikasogezwa mpaka 1440, na katikati hapo mbia mmoja akafa, ndugu zake wakakimbilia mahakamani. Hela imeshaingia, mnunuzi hajafika. Shika hilo maana lilimfuata mpaka Mainz, mji wa Ujerumani alikochapia Biblia yake.

Mainz, mwaka 1450, akakopa gulden 800, sarafu za dhahabu za huko, kwa tajiri mmoja anaitwa Johann Fust, riba asilimia 6, baada ya muda Fust akaongeza 800 nyingine, hizi zikiwa za ubia wa kazi ya vitabu. Watu wengi wakisikia hapo wanadhani hela iliishia kwenye mashine. Mashine yenyewe ilikuwa ya mbao, ina skrubu kama ile ya kukamulia zabibu, fundi seremala mzuri anaitengeneza. Herufi ndo zilikuwa na ufundi, risasi ikichanganywa na bati na antimoni, unamimina kwenye kalibu inatoka herufi moja moja, kazi kubwa sikatai, lakini ukishakuwa nazo unazo, unapanga, unachapa, unabomoa, unapanga tena. Karatasi haiko hivyo, ukiichapa imekwenda.

Sasa piga hesabu. Biblia yake ina kurasa 1,282. Karatasi moja kubwa ukiikunja mara moja inatoa kurasa 4, kwahiyo nakala moja inakula karatasi kama 320. Zilichapwa nakala karibu 180, kama robo tatu zikiwa za karatasi na zilizobaki za ngozi ya ndama. Tukisema 135 za karatasi, hizo ni karatasi zaidi ya 43,000, yani kwa rimu zetu za 500 ni rimu 86 na kitu, na sio rimu ya kufuata dukani jioni, kila karatasi ilichotwa kwa mkono kwenye pipa huko Italia, ikakaushwa, ikafungwa, ikavushwa milima ya Alps. Za ngozi ndo usiseme, nakala moja inataka ndama zaidi ya 150. Na kibaya zaidi huuzi hata moja mpaka ukurasa wa mwisho uishe, maana unachapa ukurasa mmoja kwa nakala zote ndo unahamia mwingine, miaka inakatika, mishahara inatoka, pango linatoka, na stoo imejaa marundo ambayo bado sio vitabu.

Kinachouma ni kwamba soko lilikuwepo. Machi 1455 Enea Silvio Piccolomini, yule aliyekuja kuwa Papa Pius wa Pili, alimwandikia kardinali mmoja kuhusu karatasi za Biblia alizoziona Frankfurt, kasema maandishi ni safi mheshimiwa angeyasoma bila miwani, na wanunuzi wa nakala zote wameshapatikana kabla kazi haijaisha. Oda imejaa! Lakini oda sio hela mkononi, na Fust hakusubiri. Mwaka huohuo alimburuza mahakamani akidai gulden 2,026, mtaji na riba, na hati ya mthibitishaji ya tarehe 6 Novemba 1455 ipo mpaka leo, ndo karatasi inayotuambia mengi kuhusu jamaa kuliko kitabu chochote alichochapa, maana hakuna chapa hata moja iliyobaki yenye jina lake kama mchapaji. Fust akachukua vifaa, akaendelea na Peter Schöffer ambaye alikuwa fundi wa hapohapo karakana na baadae akamuoa binti wa Fust. Mwaka 1457 wakatoa Zaburi nzuri ajabu, ya rangi, ikiwa na tarehe na majina yao wawili.

Mzee hakufa ombaomba lakini. 1465 askofu mkuu wa Mainz alimpa posho ya kila mwaka, nguo, nafaka na divai, akafa 1468.

Na wewe wa vitabu vya risiti usijione mdogo. Wakati Biblia inameza hela, karakana ilikuwa inachapa vyeti vya msamaha wa dhambi, karatasi moja tu, ina nafasi wazi ya kujaza jina la mtu na tarehe, kanisa linaagiza kwa wingi. Zimebaki za 1454 na 1455. Hicho ni kitabu cha risiti kabisa! Wakachapa na vitabu vidogo vya sarufi ya Kilatini vya watoto wa shule, na kijitabu cha kalenda ya mwaka 1455 cha kuhamasisha vita na Waturuki. Kazi ndogo, zinatoka wiki hii hela inaingia wiki hii. Mwambie bosi wako kilichomlaza mzee ni lile dude kubwa la kurasa 1,282, kalenda hazikuwahi kumfilisi.

SWALI: Mhariri mambo. Nauza vitabu vya inama hapa mjini Nairobi. Nataka kujua hao wauza vitabu wa kwanza waliuza aje, walikuwa na maduka ama walitandika chini kama sisi, na kama watu walikuwa wanaiga kazi ya wenyewe vile hapa tunaona fotokopi kila mahali. – Mtu wa Inama, Nairobi

JIBU: Ndugu yangu wewe stoki yako ikidoda unashusha bei, wao ilikuwa inawaua. Kuna Wajerumani wawili, Sweynheym na Pannartz, ndo walioleta uchapaji Italia mwaka 1465 kwenye monasteri ya Subiaco, kisha wakahamia Roma 1467. Kazi yao nzuri, mpaka leo ukiiona unasema hawa walikuwa mafundi. Wakachapa Cicero, yule mwandishi wa Roma ya kale, wakachapa mababa wa kanisa, nakala 275 hapa, 275 pale, kwasababu ndo vitabu vya maana, wasomi wote wanavitaka. Tatizo wasomi wenyewe wangapi? 1472 wakampelekea Papa Sixtus wa Nne barua ya kuomba msaada, wakaorodhesha kila walichochapa, jumla inapita nakala 11,000, wakasema nyumba yao ni kubwa, imejaa karatasi zilizochapwa ila haina chakula. Mwaka uliofuata wakaachana. Wakati huohuo Venice nako kila mtu alikuwa amekimbilia vitabu vilevile vya Kilatini, 1473 soko likaanguka, wachapaji wengi wakafunga.

Hata wakubwa hawakupona. Anton Koberger wa Nuremberg alikuwa na mashine 24 na wafanyakazi 100, ana mawakala miji mingi ya Ulaya, mwaka 1493 akachapa ile Historia ya Dunia yenye picha za mbao zaidi ya 1,800, kitabu cha kifahari. Walipokaa kufunga mahesabu 1509, miaka 16 baadae, bado kulikuwa na mamia ya nakala hazijauzwa.

Kwahiyo waliuzaje. Kwanza futa picha ya kitabu chenye jalada. Mzigo ulisafiri ukiwa karatasi tupu zilizochapwa, umepakiwa kwenye mapipa ya mbao kama ya divai maana pipa linabiringika na halipitishi mvua, ukifika mjini mnunuzi anachukua karatasi zake anapeleka kwa fundi wa kujalidi anachagua ngozi kwa mfuko wake. Ndo maana nakala mbili za kitabu kimoja cha zamani zinaweza kuwa na sura tofauti kabisa kwa nje.

Na muuzaji alikuwa anatembea. Kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye habari hii ni karatasi moja ya Peter Schöffer ya mwaka 1470 hivi, orodha ya vitabu kama 20 alivyokuwa anauza, mstari wa chini kaweka mfano wa herufi kubwa za Zaburi yake ili mteja aone ubora kwa macho, na chini kabisa mtu kaandika kwa mkono kwamba muuza vitabu anapatikana kwenye nyumba ya wageni iitwayo Zum Wilden Mann. Yani wakala anafika mji, anapanga gesti, anabandika tangazo, anasubiri. Uingereza William Caxton nae kama 1477 akatoa kikaratasi kidogo, anaetaka kitabu cha taratibu za ibada cha bei poa aje Westminster kwenye alama ya mstari mwekundu wa wima, alafu akaongeza mstari wa Kilatini kuomba tangazo lisibanduliwe. Miaka zaidi ya 500 na matatizo ya kubandika matangazo ni yaleyale.

Maduka yalikuwepo pia, lakini hela ya kweli ilizunguka kwenye maonyesho ya biashara, hasa Frankfurt, mara mbili kwa mwaka. Pale walilipana madeni ya msimu uliopita, wakakopeshana upya, na kwa karne zilizofuata wengi wakawa wanabadilishana tu, karatasi kwa karatasi, mimi nakupa marundo yangu wewe unanipa yako, kila mtu anarudi mji wake na duka lenye vitabu vya aina nyingi bila kutoa noti. Akili nzuri sana kwa biashara ambayo haina keshi.

Kuhusu kuiga usinikumbushe. Aldus Manutius wa Venice mwaka 1501 alianza kutoa vitabu vidogo vya kushika mkononi, herufi za mlalo nyembamba, washairi wa Kilatini bila maelezo marefu pembeni, watu wakavigombania. Haukupita muda wachapaji wa Lyon, Ufaransa, wakaanza kuviiga herufi kwa herufi, hawaweki jina. Aldus akakasirika, Machi 1503 akachapa onyo, akaorodhesha makosa ya chapa yaliyomo kwenye vitabu feki ili wanunuzi wavitambue, akasema na karatasi yao inanuka vibaya. Unajua walichofanya wale wa Lyon? Walichukua ile orodha, wakasahihisha makosa yote, wakaendelea kuuza. Aldus kawafanyia kazi ya uhariri bure.

SWALI: Mhariri, nilifundisha historia kwa miaka mingi, sasa nimestaafu nalima kahawa huku Kilimanjaro. Vitabu tulivyofundishia vilimpa Mjerumani sifa zote. Wachina na Waarabu mnawaweka wapi? – Mwalimu Mstaafu, Moshi

JIBU: Shikamoo mwalimu. Nawaweka mbele, tena mbali.

Karatasi ni ya China. Kumbukumbu za utawala wa Han zinasema Cai Lun, ofisa wa ikulu, aliripoti kwa mfalme mwaka 105 namna ya kutengeneza karatasi kwa magome ya miti, katani, matambara na nyavu chakavu, ingawa vipande vya karatasi vya zamani zaidi yake vimefukuliwa. Kuchapa kwa mbao iliyochongwa nako ni kwao, ile hati ndefu ya Kibudha iliyokutwa kwenye mapango ya Dunhuang, zaidi ya mita 5, ina tarehe yake imechapwa palepale, mwezi Mei mwaka 868, na aliyeigharamia, Wang Jie, kaandika igawiwe bure kwa niaba ya wazazi wake. Herufi za kuhamishika pia walitangulia, Bi Sheng alizitengeneza kwa udongo wa kuchoma miaka ya 1040, na Wakorea walichapa kitabu kwa herufi za metali mwaka 1377, kipo Paris kwenye maktaba ya taifa ya Ufaransa.

Mtu anauliza sasa mbona wao hawakukimbilia herufi za kuhamishika kama Ulaya? Wengi wanajibu ni wingi wa alama za Kichina, ni kweli, lakini mimi naona na hesabu za biashara zilihusika sana. Ukichonga ubao wa ukurasa mzima unaweza kuchapa nakala 30 leo, ukauweka stoo, mwakani akija mteja unachapa nyingine 10. Karatasi unanunua kadri wateja wanavyokuja. Gutenberg na wenzake hawakuwa na nafasi hiyo, herufi zinahitajika kwa ukurasa unaofuata, ukishabomoa umebomoa, kwahiyo lazima ubashiri leo watu wangapi watanunua miaka mitatu ijayo na uchape wote. Ukikosea juu unalala na karatasi, ukikosea chini unapanga upya kila kitu. Wachina hawakuwa nyuma, walikuwa na njia isiyomfunga mtu mtaji wake.

Baghdad nao walikwepa mtego huohuo kwa njia yao. Kuna simulizi maarufu kwamba mateka wa Kichina wa vita vya Talas, kati ya Waarabu na Wachina mwaka 751, ndo walifundisha kutengeneza karatasi huko Samarkand, Asia ya Kati, wanahistoria wengi siku hizi wanaitilia shaka maana karatasi ilikuwa imeshazoeleka kwenye njia za misafara ya huko. Zama za khalifa Harun al-Rashid, mwisho wa karne ya 8, Baghdad ikawa inatengeneza karatasi yake, na al-Yaqubi wa karne ya 9 anasimulia soko lenye maduka zaidi ya 100 ya warraqin, watu waliouza karatasi, walionakili vitabu, waliojalidi na kuviuza, vyote chini ya paa moja. Hapo mteja anakuja kwanza ndo kazi inaanza, unataka kitabu fulani, unaacha advansi, wananakili. Stoki ya kudoda ni ndogo. Al-Jahiz mwandishi alikuwa anakodi duka la vitabu usiku alale humo asome mpaka asubuhi. Na Ibn al-Nadim, mtu wa kazi hiyohiyo ya kuuza vitabu, mwaka 987 akatunga orodha ya vitabu vyote vya Kiarabu alivyovijua, na kwa vitabu vingi alivyovitaja hakuna kilichobaki isipokuwa hilo jina alilotuandikia yeye.

Kutoka kwa Waarabu ufundi ukaingia Hispania kisha Italia, na mji wa Fabriano karne ya 13 ukaongeza mambo matatu makubwa. Nyundo za kuponda matambara zikaendeshwa na maji ya mto. Badala ya kupaka wanga kama Waarabu wakachovya karatasi kwenye gundi iliyochemshwa kwa ngozi na kwato, ikawa ngumu, haifyonzi wino. Na wakashona waya wa umbo fulani kwenye chujio, ukiinua karatasi kwenye mwanga unaiona alama ya mwenye kinu. Kazi yenyewe ilikuwa chafu kweli, matambara ya kitani yanachambuliwa, yanalowekwa mpaka yaoze, yanapondwa yawe rojo, fundi anachota na chujio la waya, anatikisa, mwenzake anaibandua juu ya kitambaa cha sufu, wanarundika, wanakamua, wanaanika kwenye kamba. Baada ya hapo ndo ikawa kinyume, wale waliofundisha wakaanza kununua, karatasi ya Italia ikafurika Misri na Sham.

SWALI: Mwanangu hujambo. Nyumbani kwetu kuna msahafu wa mkono wa tangu mababu, na wajukuu wangu wanatoka shule wananiambia vitabu pwani vililetwa na wamisheni. Waambie nyinyi wa magazeti labda watasikia. – Bibi wa Langoni, Lamu

JIBU: Shikamoo bibi. Wajukuu wasome hapa wenyewe.

Hapo jirani na kwenu, Siyu kisiwani Pate, karne ya 18 na ya 19 palikuwa mji wa wanavyuoni na mafundi wa kunakili misahafu, wino mweusi na mwekundu na manjano, mapambo ya pembeni, na kujalidi kwa ngozi palepale. Karatasi nyingi ziliingia kwa majahazi kutoka mbali, za Italia zikiwemo. Bibi siku moja mwambie mjukuu mwenye mikono mitulivu ainue ukurasa mmoja taratibu upande wa dirisha, asiukunje, mkiona miezi mitatu michanga imejipanga ndani ya karatasi basi hiyo ni alama ya viwanda vya kaskazini mwa Italia, waliitengeneza makusudi kwa ajili ya masoko ya Waislamu na ilienea mpaka Sudan na Pembe ya Afrika.

Mashine ni kweli ilikuja baadae. Wamisheni wa UMCA, shirika la Kianglikana la Uingereza, walifika Unguja 1864, mmoja wao Edward Steere akachapa mambo ya Kiswahili na wanafunzi wa misheni wakafundishwa kupanga herufi, na mwaka 1888 Kiungani kukawa na jarida la Msimulizi. Lakini Sultani Barghash nae karibu na 1880 alianzisha matbaa yake mwenyewe Unguja, ikachapa vitabu vikubwa vya fiqhi ya Kiibadhi kwa Kiarabu, na hii ndo wajukuu hawaambiwi. Tena watu wa pwani walinunua vitabu vilivyochapwa Bombay na Cairo kwa wingi.

Kuna wanaouliza mbona nchi za Waislamu zilichelewa mashine, wanatoa sababu za dini peke yake. Mimi nawapa mfano mmoja wa biashara. Mwaka 1537 au 1538 Venice, Paganino Paganini na mwanawe walichapa Kurani nzima kwa herufi za kuhamishika, inaelekea walilenga soko la Waturuki. Fikiria mtaji uliozama. Herufi za Kiarabu zinaungana na kubadilika sura, wao hawakuzimudu, nukta zimekosewa, dali na dhali hazitofautiki, irabu ndo vurugu. Muislamu gani aliyezoea mwandiko wa Siyu au Istanbul atanunua hicho? Hakuna. Chapa nzima ikapotea mpaka watu wakadhani ni hadithi, kisha mwaka 1987 nakala moja ikakutwa kwenye maktaba ya watawa kisiwani San Michele hapohapo Venice. Kilichokuja kufungua mlango ni chapa ya mawe, aliyoivumbua Alois Senefelder miaka ya 1790, maana pale katibu anaandika kwa mkono wake mwenyewe na mwandiko wake ndo unachapwa, hamna cha kuunganisha herufi. Bombay ilivuna sana hapo.

SWALI: Mashine za mbao zilikuwa na spidi gani? – Mwanafunzi, Bujumbura

JIBU: Watu wawili waliozoea, mmoja anapaka wino mwingine anavuta mkono wa mashine, makadirio ya karne ya 17 huko Uingereza ni karatasi 250 kwa saa upande mmoja, na hiyo ni siku nzuri. Kupaka wino walitumia mipira ya ngozi iliyojazwa sufu, na ili ngozi isikakamae usiku iliwekwa kwenye mkojo. Kwahiyo harufu ya karakana unaweza kuikisia.

SWALI: Assalam aleikum. Nina sanduku la marehemu babu alilokuja nalo kutoka Unguja. Kuna kitabu cha zamani sana karatasi yake bado nyeupe inakunjika, na kuna magazeti ya miaka ya 60 yamekuwa rangi ya chai yanavunjika ukiyagusa. Iweje kipya kiharibike kabla ya cha kale? – Msomaji wa Maskati

JIBU: Waaleikum salam. Kitabu hicho bila shaka ni karatasi ya matambara, pamba au kitani, nyuzi zake ndefu na safi. Karne ya 19 wasomaji waliongezeka na matambara yakawa hayatoshi, mwaka 1844 Mjerumani Friedrich Gottlob Keller akapata njia ya kusaga mti kuwa rojo, bei ya karatasi ikashuka, gazeti la senti chache likawezekana. Lakini mti uliosagwa una lignini, ikipata mwanga na hewa inageuka kahawia, na dawa ya shabu iliyotumika kuzuia wino usisambae ilitengeneza tindikali inayozila nyuzi polepole kwa ndani. Gazeti lilikusudiwa liishi siku moja, limejitahidi.

Kitabu na magazeti usiviweke pamoja maana tindikali inahama. Magazeti yalaze bapa kwenye boksi, mbali na dirisha, chumba chenye AC isiyozimwa kila mara maana joto na unyevu wa kupanda na kushuka ndo unayamaliza, yapige picha kurasa zote sasa hivi kabla hayajavunjika zaidi. Usiyapeleke kulaminishwa. Na selotepu usiguse kabisa, gundi yake inapenya na kuacha doa ambalo hata fundi wa nyaraka anahangaika kulitoa.